"Huko Tarbaj" ni wapi?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Tarbaj, kaunti ya Wajir, aliniandikia barua ambayo sijaweza kuisahau. Ilikuwa barua ya kalamu na karatasi, jambo adimu siku hizi, nayo ilinifikia ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya bahasha aliyoileta dereva wa basi. Aliniarifu kwamba vitabu vya ufahamu havitoshi, hivyo yeye hukusanya magazeti makuukuu kutoka kwa madereva na maafisa wa serikali, akayatumia darasani. Siku moja alimpa kijana wa gredi ya nane asome kwa sauti habari fupi iliyoanza kwa maneno haya: "Huko Tarbaj..." Kijana akanyamaza, akayarudia maneno yale, kisha akauliza, "Mwalimu, huko ni wapi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu, kwa maelezo yake mwenyewe, alijifanya anatafuta chaki.

Katika Kiswahili, hapa, hapo, pale, huku, huko na kule si mapambo ya sentensi. Kila kimojawapo hutaja mahali, na papo hapo humtaja anayesema: amesimama wapi, na anadhani msikilizaji wake amesimama wapi. Anayeandika "huko Tarbaj" amekwisha kuamua kwamba msomaji wake hayuko Tarbaj. Kijana yule alikuwa ameketi Tarbaj, gazeti mkononi, na sarufi ikamwambia kwamba hayupo.

Najua nitakosolewa. Nitaambiwa kuwa magazeti yetu huandika vilevile "huko Kisumu" na "huko Nyeri", na kwamba ni mazoea tu ya uandishi. Ni kweli. Lakini mtoto wa Kisumu, akifungua ukurasa mwingine wa gazeti lilo hilo, atakuta bei ya samaki wa ziwani, matokeo ya timu ya kwao, tangazo la mnada na barua ya jirani yake anayelalamikia maji ya mfereji. Huko kwake kunasawazishwa na hapa. Mtoto wa Tarbaj akifungua ukurasa mwingine hajioni tena mpaka ukame ujao au mlipuko ujao.

Barua ile ilinikera hata nikaamua kwenda. Njia ya basi kutoka Nairobi hupita Garissa, Modogashe na Habaswein hadi mji wa Wajir, mji wa visima na kuta nyeupe. Kutoka hapo ndipo mtu hushika njia ya kaskazini ielekeayo El Wak na Mandera, na Tarbaj iko katika njia hiyo. Nilikaa karibu na mama mmoja wa makamo aliyepakata mtungi mtupu wa maziwa. Tulipokwisha kuamkiana aliniuliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Mwalimu, umetoka Kenya lini?"

Wengi wamewahi kulisikia swali hili kaskazini mwa nchi hii, na wageni hulicheka au hulikasirikia. Mimi nililichukua kama mwanaisimu anavyolichukua neno lolote: limetoka wapi? Yule mama hakuwa mkaidi wala adui wa taifa. Alikuwa anaisema historia kwa ufupi. Sheria ya mikoa ya mbali ya mwaka 1902 iliwapa wakoloni uwezo wa kuzifunga sehemu hizi, na mwaka 1926 wilaya ya mpaka wa kaskazini ikatangazwa kuwa eneo lililofungwa: hakuna aliyeingia wala kutoka pasipo kibali. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Waingereza ilipita ikiuliza maoni, ikakuta kwamba walio wengi walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujakwisha hali ya hatari ilikwisha kutangazwa katika eneo hilo. Hali hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Tarbaj siku za uhuru alifikisha umri wa miaka ishirini na minane kabla ya kuishi chini ya sheria zilezile alizoishi nazo Mkenya wa Nakuru. Akisema "Kenya" akimaanisha upande mwingine, sisi walimu wa lugha hatuna haki ya kumsahihisha kwa wino mwekundu.

Wakati wa vita vya miaka ya 1963 hadi 1967 ndipo neno shifta lilipokita mizizi katika vyombo vyetu vya habari. Neno hili si la Kisomali wala la Kiswahili. Limetoka Uhabeshi, ambako lilimtaja mwasi aliyeingia porini. Redio za serikali na magazeti ya Nairobi yalilikumbatia kwa sababu lilifanya kazi mbili kwa mpigo: lilimwita mpiganaji jambazi, na lilimwacha asiye mpiganaji bila jina la kumtofautisha. Upande wa pili nao haukulala. Redio Mogadishu ilitangaza kwa Kiswahili kuwachochea Wakenya, na ndiyo maana mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 kati ya Kenya na Somalia yaligusia pia kukomesha propaganda za redio na magazeti. Waliosahaulika katika makelele hayo ni wafugaji, ambao kuanzia 1966 walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo yao ikafa kwa kukosa malisho.

Sitaki kukaa sana juu ya Wagalla, ila siwezi kuipita. Mnamo Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir, wakateswa na wengi wakauawa na vyombo vya usalama. Serikali ilikiri vifo 57. Miaka kumi na sita baadaye, katika mwaka 2000, ikasema ni 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema idadi huenda ilikaribia elfu moja. Kilichoifanya dunia ijue si magazeti yetu. Mmoja wa waliotoa habari nje alikuwa Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyewahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir. Alisaidia majeruhi, akakusanya ushahidi, na baadaye akalazimika kuondoka nchini. Aliuawa Borama, Somalia ya kaskazini, mwaka 2003. Msomaji na ajiulize: idadi ya waliokufa hubadilika mara mbili katika miaka thelathini, ilhali maiti ni zilezile. Kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kusema.

Sasa niwarudishe Tarbaj, maana nisipoangalia na mimi nitaishia kuandika damu tupu.

Asubuhi yangu ya kwanza nilisikia wazee wakisalimiana nje ya duka. Kwa Kisomali mtu humuuliza mwenzake kwanza kama kuna amani, na mwenzake hujibu nabad, amani. Kisha huja neno warran. Mzizi wake ni war, yaani habari. Maana yake ni "toa habari", na iska warran ni "toa habari zako". Sisi pia huamkiana kwa habari, neno tulilolipata kutoka kwa Waarabu. Tofauti ni kwamba sisi tukiulizwa "Habari?" hujibu "Nzuri", hata kama nyumba inaungua, tukaendelea na safari. Pale Tarbaj niliwaona wakikaa. Aliyeulizwa alitoa kwelikweli: mvua imenyesha upande gani, lambo lipi limekauka, nani amehama, ngamia wa nani wanakohoa, sukari imepanda kiasi gani.

Haya si mazungumzo ya kupoteza wakati. Ni uchumi. Mfugaji wa nchi kavu hamiliki shamba lenye mvua ya uhakika. Anamiliki wanyama wanaoweza kutembea, na thamani ya kutembea hutegemea kujua pa kwenda. Mwaka wake una majira manne: Gu, mvua za Aprili hadi Juni; Xagaa, kipindi cha upepo; Deyr, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba; na Jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka. Kabla ya kuhama, jamaa huwatuma watu watangulie kuangalia majani, maji, maradhi na watu waliokwisha kufika. Kazi hiyo huitwa sahan. Akirudi yule aliyetumwa na habari isiyo sahihi, haombwi radhi ya ukurasa wa pili kama ilivyo desturi ya magazeti. Watoto hulala njaa na wanyama hufia njiani. Mwaka 2019 Wasomali wa Minnesota, Marekani, walipoanzishiwa gazeti la mtandaoni kwa ajili ya wahamiaji, mwanzilishi wake, Mukhtar Ibrahim, aliliita Sahan Journal. Mtangulizi wa malisho amekuwa mwandishi wa habari katika nchi ya theluji, na sidhani kama kuna jina lililostahili zaidi.

Hapa sina budi kuungama. Miaka mingi iliyopita niliandika makala katika gazeti nikaeleza kwamba wafugaji wa kaskazini "hutangatanga na mifugo yao". Aliyenijia ofisini, gazeti mkononi, ni mwanafunzi huyohuyo aliyeniandikia barua, wakati huo akiwa mwaka wa pili. Alisema kwa adabu: "Mwalimu, mbwa asiye na mwenyewe ndiye atangatangaye. Baba yangu huhama." Nilijaribu kujitetea kwa kamusi. Kamusi haikunisaidia.

Katika soko la mifugo nilimwona dalali akiwa na simu mbili, moja kila sikio. Mzee mmoja aliyeleta madume mawili ya mbuzi alisubiri kando, naye pia akasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa mpwa wake aliyeko Garissa, mjini penye soko kubwa la ng'ombe. Alipokwisha kuusikia aliwafungua mbuzi wake akaondoka nao. Bei ya Garissa ilikuwa imepanda, na dalali alikuwa anaijua tangu alfajiri. Miaka kumi na mitano nyuma mzee huyu angeuza. Simu ya mkononi imempa mfugaji kitu ambacho magazeti ya taifa hayajampa hata siku moja: bei ya jana. Tunachapisha bei ya hisa za makampuni ya Nairobi kila siku ya kazi. Bei ya ngamia, ambao sensa ya 2009 iliwahesabu nchini kuwa takriban milioni tatu, sijaiona ukurasani.

(Na kwa kuwa nimeitaja sensa ile: Agosti 2010 serikali ilitangaza kuyafuta matokeo ya idadi ya watu katika wilaya nane, ikisema ongezeko lilizidi kiasi. Wajir Mashariki, ambamo Tarbaj ilikuwa kabla ya kupewa jimbo lake la ubunge, ilikuwa mojawapo. Ngamia hawakufutwa.)

Ikitokea habari ya mifugo ikachapishwa, aghalabu ni ya maradhi. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Kaskazini Mashariki. Watu walikufa, na marufuku ya kuchinja na kusafirisha mifugo ilikuwa ya lazima. Silalamikii kuandikwa kwa maradhi. Gazeti lisiloonya halifai hata kufungia vitumbua. Nalalamikia ukimya uliofuata. Hofu ilipewa herufi kubwa, lakini kufunguliwa upya kwa masoko hakukupewa hata pembe ya ukurasa. Mlaji wa mjini alibaki na habari ya kwanza kichwani, na mfugaji akabaki na mnyama asiyenunuliwa.

Au tuchukue bima ya mifugo, jambo ambalo lingeweza kujaza somo zima la hisabati na jiografia. Setilaiti hupima ukijani wa malisho kutoka angani. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji hulipwa bila ya kuhesabiwa mizoga. Bima hiyo ilifika Wajir mwaka 2013 kwa utaratibu wa takaful unaokubaliana na dini ya Kiislamu, na Machi 2014 wafugaji wa Wajir wakapokea malipo ya kwanza. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake ikianza na Turkana na Wajir. Nilimuuliza mzee mmoja anaionaje. Akajibu kwamba ile setilaiti ni sahan isiyoteremka kwenye ngamia: huona kijani, lakini haiwezi kupambanua nyasi na kichaka ambacho mbuzi hakili. Wataalamu wameandika kurasa nyingi kuhusu upungufu huohuo.

Kuna habari nyingine ambayo kila mwanafunzi wa Kenya angepaswa kuijua kama anavyojua habari za Lancaster House. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir iliingia katika mapigano makali ya koo, hata wanawake wa ukoo mmoja wakawa hawawauzii wala kununua kwa wanawake wa ukoo mwingine sokoni. Mwaka 1993 kikundi cha wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, kilianzia hapohapo sokoni. Walihakikisha kila mwanamke, wa ukoo wowote, anaweza kuuza maziwa yake na kununua unga, na wakaweka watu wa kuangalia kila siku kama mapatano yanafuatwa. Kutoka kwenye maziwa wakawaendea wazee, na mwaka huohuo wazee wakatia sahihi azimio la Al Fatah lililoweka kanuni za kurejesha amani. Bi. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na akafariki mwaka 2011. Mtindo wa kamati za amani za Wajir umeigwa katika wilaya nyingine za nchi hii. Katika madarasa yangu ya chuo kikuu nimeuliza mara kadhaa ni nani anayemfahamu. Mikono inayoinuka naweza kuihesabu bila kuvua viatu.

Nani basi anayewapa watu wa Tarbaj habari za dunia? Kwa wazee jibu ni redio, na redio maana yake ni idhaa ya Kisomali ya BBC iliyoanza mwaka 1957, miaka kumi na mitano kabla ya Kisomali chenyewe kupata maandishi rasmi ya herufi za Kirumi mwaka 1972. Vijana wana stesheni za Kisomali za humu nchini, pamoja na redio ya kijamii ya Wajir, na kila mtu ana jumbe za sauti za simu. Hizi za mwisho zimerudisha enzi ya masimulizi kwa namna ambayo sisi wanaisimu hatukuitabiri. Lakini angalia lugha ya vyombo hivi: vinasema na Tarbaj, havisemi kwa niaba ya Tarbaj na mtu wa Kakamega. Lugha inayoweza kumfikia Mkakamega na Mtarbaj kwa pamoja ni Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 katika kifungu cha saba imekiita lugha ya taifa.

Nacho Kiswahili katika Tarbaj kinategemea mwalimu. Hapa ndipo habari na maisha hukutana kwa namna chungu. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Februari 2018 walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Simlaumu mwalimu hata mmoja aliyefungasha. Nina watoto. Lakini walipoondoka, shule nyingi zilibaki na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi wakifundisha kwa malipo ya wazazi, na mara nyingi Kiswahili ndicho kilichokosa mwenyewe.

Habari hizi zilistahili kuandikwa, na kwa herufi nzito. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba 2015, katika njia hiyohiyo ya Mandera, washambuliaji walipolisimamisha basi na kuwaamuru abiria wajitenge kwa dini, abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa, akafariki Januari iliyofuata. Habari hii iliandikwa, namshukuru Mungu, na ikaenea duniani. Barua ya mwanafunzi wangu yasema kwamba ndiyo habari pekee ya gazeti kuhusu sehemu zao ambayo darasa lake liliomba isomwe mara ya pili.

Tangu nirudi nimekuwa nikiwaambia wahariri ninaowafahamu jambo moja lisilo na gharama kubwa: mpeni mtu wa Tarbaj, mwalimu au mwanafunzi, nafasi ya maneno mia mbili kila juma, aandike kwa Kiswahili chake mwenyewe, na msimsahihishe hapa kuwa huko. Mhariri mmoja aliniuliza kwa upole, "Lakini kutakuwa na tukio?" Barabara ya kutoka Isiolo hadi Mandera inajengwa kwa mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, pamoja na mkongo wa mawasiliano kando yake. Siku itakapokamilika, gazeti la asubuhi litaweza kufika Tarbaj kabla ya jioni. Sijui tunakusudia kuwapelekea nini ndani yake.

Mwalimu wa Tarbaj hakungoja jibu la mhariri. Mwishoni mwa muhula aliwaambia wanafunzi wake waandike habari kama waandishi wa gazeti, na akanitumia daftari moja, la kijana yule aliyeuliza swali. Kiswahili chake kina makosa ya upatanisho ambayo nimeyaacha. Ameandika hivi: "Hapa Tarbaj mvua ya Gu imechelewa. Lambo yetu iko na maji ya wiki mbili. Bei ya mbuzi imeshuka sababu watu wengi wanauza. Mama yangu hajauza, anangoja simu ya mjomba."